Jembe Hupiga Chini

Katika mteremko wote ule, kutoka kanisani juu mpaka mtoni chini, ilikuwa vigumu kupata jembe ambalo halijapita mikononi mwa Nthambi. Si kwamba aliyauza. Majembe yaliuzwa madukani Machakos mjini, chuma kitupu, na mtu akishanunua chuma alimpelekea yeye akitie mpini. Kazi hiyo alifundishwa na babake, mchongaji wa vijiko na vigoda, ambaye alizaa wasichana saba na akakataa kufa na ujuzi wake kwa sababu hiyo tu. Sita walikimbilia kuolewa. Nthambi ndiye aliyekaa chini akajifunza.

Alijua mti kwa kuugonga. Mjakaranda alisema ni wa kuchonga twiga wa kuuzia wazungu, haushiki kazi. Mparachichi hupasuka. Yeye alitaka mgunga uliokulia penye mawe, ukaukie jikoni juu ya moshi msimu mzima, kisha auparue kwa kipande cha chupa mpaka ulainike kama sikio la ndama. Akishautia tunduni na kupigilia kabari, alimwambia mwenye jembe neno lile lile kila mara.

"Kesho unalima? Basi leo litie majini. Mti ukinywa maji hunenepa, ukashika chuma. Jembe kavu ni la kutazama."

Mumewe Kioko aliyajua maneno hayo kuliko mtu yeyote. Alikuwa ameyasikia miaka thelathini. Na ndiye aliyeyasahau siku ambayo hayakufaa kusahaulika.

Kwa mtu asiyepajua, aelewe kwamba mto wa pale chini si mto wa maji. Maji hupita siku chache mvua ikinyesha milima ya Iveti, yakapiga kelele kama harusi, kisha yakaisha. Kinachobaki ni mchanga, na chini ya mchanga ndiko maji hujificha jua lisiyanywe. Wanawake huchimba visima vifupi kwa kibuyu, wanakaa, wanangoja, wanateka. Ukiondoa mchanga umeondoa blanketi, na maji yanakufa. Hilo kila mtoto wa huko analijua. Lakini Nairobi ilikuwa inajengwa, na nyumba za kupangisha zilikuwa zinamea Mlolongo kama uyoga, na nyumba hazijengwi bila mchanga.

Mwaka wa tisini na tano malori yakaanza kuteremka. Baadaye likabaki moja lililoyafukuza mengine, la mtu mmoja anayeitwa Laban, kijana wa miaka thelathini na kitu, mnene wa shingo, Mkamba kama wao lakini wa Mlolongo. Lori lilikuwa lake mwenyewe na aliliendesha mwenyewe. Mbele alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu neno la vijana wa Nairobi, UTADO, maana yake utafanya nini. Nthambi hakuwa msomaji mkubwa, lakini neno hilo alilisoma herufi kwa herufi, akaulizia maana, akaliweka moyoni.

Njia ya kuteremkia mtoni Laban aliikata katikati ya shamba la Kioko. Alivunja matuta matatu ya fanya juu. Asiyejua tuta la fanya juu ni nini aelewe hivi: unachimba mtaro kuzunguka mlima, na udongo wote unautupa upande wa juu, si chini, mpaka unakuwa ukuta wa kuzuia mvua isiibe shamba. Matuta hayo hayachimbwi na mtu mmoja. Yanachimbwa na mwethya, yaani kundi la wanawake wa mlimani, leo kwako, kesho kwangu, kwa nyimbo. Kwa hiyo Laban alipoyavunja, aliuvunja mgongo wa wanawake thelathini, naye akapita juu yake kwa gia ya kwanza.

Wazee walienda kusema. Walirudi na maneno matupu. Visima vikazama mkono mmoja, kisha mikono mitatu, kisha kimo cha mtu.

Siku moja ya mwezi wa nane, saa nne ya asubuhi, Kioko alirudi kutoka kisimani na mtungi mtupu. Aliingia jikoni, akachomoa jembe lililokuwa limelala juu ya moshi tangu palizi ya mwisho, akateremka nalo. Nthambi alikuwa shamba la juu. Alimwona mumewe akienda upesi na jembe begani, akajua liko kavu, akaita. Upepo ukachukua sauti.

Laban alikuwa amesimama karibu na lori akiwahesabia wapakiaji wake mapigo ya sepetu. Kioko hakumsalimu. Aliinua jembe kwa mikono miwili, akalishusha kwa nguvu zote za mtu aliyelima miaka arobaini. Mkono ulipofika juu, chuma kikatoka. Kiliruka nyuma yake kama kware, kikaanguka mchangani kimya. Kilichoshuka mbele ya Laban kilikuwa kijiti, tena kilipita hewani tu.

Wapakiaji walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Laban hakucheka. Alinyoosha mkono, akautwaa ule mpini kama mtu anayempokea mgeni fimbo, akampiga nao Kioko chini ya goti. Mfupa ulilia pigo la kwanza. Akampiga la pili.

"Mwambie bibi yako atie misumari," akasema.

Hospitali ya mjini walimfunga plasta kutoka kiunoni. Alirudi nyumbani mwezi wa kumi na mguu uliopinda kwa nje, hawezi tena kusimama mtaroni. Na Laban mpini ule hakuutupa. Aliuweka ndani ya lori, na kila alipotaka kuondoka alizunguka akigonga magurudumu nao, do, do, do, asikie kama yana upepo. Nthambi alikuwa juu akipalilia, akausikia mti wake. Angeutambua kati ya mia.

Sokoni walitania. Walisema jembe la Nthambi limeota mabawa. Wengine walisema kwa huruma, na hao ndio aliowachukia zaidi. Wanawake wawili walibeba majembe yao wakayapeleka kwa fundi wa mjini, akawatilia misumari. Nthambi aliyaona yanapita mbele ya lango lake, vichwa vya misumari vinang'aa, akasema polepole, kama anayesali, "Nitamlipa huyu. Mungu anisamehe au asinisamehe, hiyo ni shauri yake."

Watu wa kuchungulia huamini hasira ya mwanamke huisha akishapika. Ya Nthambi haikuisha. Alinoa panga siku mbili. Siku ya tatu asubuhi aliteremka nalo chini ya leso, akamkuta Laban anakunywa chai kwenye kikombe cha bati.

"Susu, habari ya mzee?" Laban akauliza. Susu ni nyanya. Nthambi alikuwa na miaka hamsini na sita.

Alilitoa panga. Laban hakuinuka. Alinyoosha mkono kwa mpakiaji wa karibu, akachukua sepetu ya mpini mrefu, akaelekeza bapa lake kifuani kwa Nthambi. Nthambi akaenda kulia, sepetu ikaenda kulia. Akaenda kushoto, ikamfuata. Akaikata, panga likalia juu ya chuma, mkono ukafa ganzi. Kisha Laban akasukuma kidogo tu, kama mtu anayefunga mlango na mguu, na Nthambi akaketi mchangani miguu imenyooka mbele yake kama mtoto anayengoja uji.

"Panga ni la kukatia ndizi, susu. Nenda nyumbani."

Akamalizia chai yake.

Jambo hilo Nthambi hakumwambia mumewe. Alikung'uta mchanga, akapanda mlima, hakusimama kwake, akaenda moja kwa moja kwa Wambua. Wambua alikuwa sajini jeshini miaka ishirini na miwili, akastaafu akaja kufuga kuku na kunyoa ua wake uwe sawa kama kikosi. Alimkuta anawalisha.

"Wakya," Wambua akamsalimu.

"Aa. Nataka unifundishe kupigana."

"Na nani?"

"Unamjua."

Wambua aliendelea kurusha mtama. "Mama Ndanu, umri huo watu hufundishwa kufa vizuri."

"Hilo nitajifunza mwenyewe. Hili ndilo sijui. Niko na panga, niko na fyekeo, niko na jembe la kawaida na jembe la meno. Niambie ni lipi la kumwangusha mtu."

Akalitwaa jembe la Wambua lililokuwa limeegemea ua. Wambua akaliangalia, akamwangalia yeye, akaona hatatoka. Akachukua ufito wa ua, mwembamba, wa urefu wa mtu. "Haya. Mimi ndiye Laban. Nipige."

"Nitakuua."

"Utajaribu."

Nthambi aliinua jembe. Kabla halijafika juu ya kichwa chake mwenyewe, ufito ulikuwa tayari umemgusa kooni. Akaliinua tena haraka zaidi; ukamgusa tumboni. Mara ya tatu Wambua alimwacha ashushe. Akasogea hatua moja kando, jembe likazama ardhini mpaka tunduni, na Nthambi alipoinama kulichomoa ufito ukampiga matakoni, si kwa nguvu. Kuku walitawanyika.

"Umeona? Uzito wote wa jembe uko mwishoni. Likishaanza kwenda si lako tena, ni lake lenyewe. Jembe ni pigo moja. Ukikosa, umempa mtu muda wa kuvuta sigara."

"Na la meno?"

"La meno lina hatari ya pili. Usipokosa, linanasa. Utakuwa umemshika huyo mmoja wakati wa pili anakuja. Fyekeo linapinda. Panga umeshalijaribu."

Nthambi alimkazia macho. "Nani amekuambia?"

"Una mchanga kwenye nywele." Wambua hakucheka, na kwa hilo Nthambi alimheshimu mpaka alipokufa. "Panga ni zuri kwa anayekimbia na kwa aliyelala. Anayekungoja na kitu kirefu, panga ni fupi. Lazima ufike mahali unanusa pumzi yake, na yeye hatakuruhusu. Wanaume wa zamani hapa hawakuwa wajinga. Walilima kwa kitu kimoja, wakapigana kwa upinde na mkuki. Mkuki unachoma na unarudi. Jembe halirudi, linavuta. Lilitengenezwa lishuke. Linapiga chini, mama. Adui hajalala kama shamba. Adui amesimama."

Nthambi alilishika jembe lililokwama akalitikisa kushoto na kulia likatoka na kinofu cha udongo mwekundu. Akautazama ule udongo. Akatazama shimo. Alisimama hapo muda mrefu hata Wambua akarudi kwa kuku wake.

"Na akiwa chini yangu?" akauliza.

"Nani?"

"Adui. Mimi niko juu, yeye yuko shimoni, kichwa chake kiko hapa." Akaonyesha goti lake.

Sajini aliacha kurusha mtama. Alifikiri kwa haki, kama alivyofundishwa. "Hapo," akasema, "sitaki kuwa mimi."

Jumatano iliyofuata mwethya ulikuwa kwa mama mmoja karibu na kanisa. Nthambi aliwaambia wakati wa chakula, wote wamekaa na muthokoi wao kwenye mabakuli. Hakupamba. Alisema anataka kazi ijayo iwe kwake, pale njia ya lori inapopita, siku atakayoitaja yeye. Lori likishaingia mtoni wachimbe nyuma yake, mtaro wa kimo cha kifua, udongo wote juu.

Munyiva ndiye aliyekuwa kiongozi wa kundi, mjane, mwanamke mrefu ambaye hata kukaa kwake kulikuwa kama kusimama. "Na akija na watu wake na sepetu?"

"Wataingia mtaroni wafukie. Kufukia lazima uingie. Na sisi tutakuwa juu ya tuta."

Munyiva aliweka bakuli lake chini.

"Tutamfungia njia," akasema. "Lakini kwa sheria ya mwethya. Akiri mbele yetu alilomfanyia mzee Kioko, aape hatarudi, kisha tunafukia mtaro apite. Mtu akikiri, kundi halimwachi shimoni. Ilikuwa hivyo kwa mama zetu."

"Nimesikia," Nthambi akasema.

Hakusema amekubali. Wengine hawakuliona hilo, au waliliona wakaona ni adabu.

Sasa ngoja uone mwanamke mwenye kisasi anavyojua kungoja. Njia angeweza kuikata wiki hiyo. Hakuikata. Mwezi wa kumi ukaisha, Novemba ikaingia, na kila asubuhi Nthambi alitoka akatazama upande wa Iveti kabla hajatazama jiko. Mvua ya mlima humwonya mwenye macho. Siku ya kwanza milima husogea karibu, mpaka unaona mti mmoja mmoja. Siku ya pili hupotea kabisa. Siku ya tatu mto huja, hata kama juu yako ni jua kali. Asubuhi moja aliona miti. Asubuhi ya pili hakuona mlima. Akapita nyumba kwa nyumba akisema, "Kesho. Yatieni majini."

Lori lilipita saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Wanawake walikuwa wamekwisha kupanga mstari shambani, leso viunoni, wanaimba. Laban alipunguza mwendo, akatoa mkono dirishani.

"Chimbeni, mama zetu. Serikali inawapenda."

Waliitikia vizuri. Mmoja hata alimpungia.

Hiyo ndiyo sehemu aliyokuja kuijutia Laban, kwamba alizisikia nyimbo asubuhi yote na hazikumshtua. Nani anashtushwa na mwethya? Ni kama kushtushwa na kuku. Huko chini kwenye kona ya mto walikuwa wanapakia kwa jua, sepetu zinaita, na huku juu majembe thelathini yalikuwa yanashuka pamoja kwa neno moja la wimbo, yanapanda kwa neno la pili. Jembe la mtu mmoja ni kitu kizito. Majembe thelathini ni kama mvua. Kufikia saa tano njia haikuwepo. Palikuwa na mtaro wa kimo cha kifua, upana wa hatua tatu, na upande wa juu tuta la udongo mbichi. Munyiva alipima kwa mwili wake, akatoka, akanywa maji.

Saa sita lori lilikuja limejaa mpaka juu, linanguruma. Laban aliona tuta kwanza, kisha shimo, akapiga breki. Lori zito mteremkoni halisikii breki. Lilirudi nyuma lenyewe, magurudumu ya nyuma yakaingia mchanga laini wa mtoni, akakanyaga mafuta, yakajizika mpaka kwenye ekseli. Akashuka.

"Hii ni nini?"

"Fanya juu," Nthambi akasema. "Ya kuzuia mmomonyoko."

Kicheko kilipita mstari mzima. Laban hakukipenda. Aliwaita wapakiaji, kumi na mmoja, vijana wenye mikono ya kamba, kila mtu na sepetu yake. Akawaambia wafukie. Wa kwanza, aliyekuwa na fulana ya njano, aliruka ndani bila kufikiri. Alipojinyoosha, kifua chake kilikuwa sawa na miguu ya Munyiva. Aliinua macho. Kutoka mwisho mmoja wa tuta hadi mwisho mwingine majembe yalikuwa juu, yametulia, chuma kinavuja maji na udongo, na wanawake hawakuwa wamekasirika hata kidogo. Walikuwa wanangoja wimbo uanze.

Mbele yake ulikuwa ukuta wa udongo, kando ukuta. Sepetu yake ndefu haikuwa na pa kwenda.

"Kijana," Munyiva akamwambia, "mama yako anaitwa nani?"

Kijana alimtaja.

"Mwambie amezaa mtu mwenye akili. Toka."

Akatoka kwa upande aliotokea. Hakuna wa pili aliyeingia. Walisimama kidogo, mmoja akaweka sepetu begani, akasema mto umeanza kunuka. Na kweli, palikuwa na harufu, harufu ya majani mabichi na mavi ya ng'ombe, harufu ya mvua ya watu wengine. Wapakiaji walikuwa watu wa mito. Hawakuaga. Walifuata ukingo mmoja mmoja mpaka wakaisha.

Laban alibaki na lori lake.

Aliitazama Iveti, na hapo uso wake ukabadilika. Akaja mpaka ukingoni mwa mtaro. "Mama Ndanu," akasema. Jina la heshima alikuwa analijua wakati wote. "Mama Ndanu, maji yanakuja. Hilo lori ndilo mimi. Niliuza shamba la baba."

"Sema kwanza ulichomfanyia Kioko," Munyiva akasema.

Alisema. Mwanzoni alisema kwa mkato, Munyiva akamwambia arudie kwa sauti. Akasema alimpiga mzee Kioko mwana wa Musau akiwa hana kitu mkononi, alimpiga tena akiwa ameshaanguka, na hapakuwa na haja. Alisema alimsukuma mama huyu mchangani. Wanawake hawakuwa wanalijua hilo, vichwa viligeuka. Aliapa hatarudi. Alikuwa amepiga magoti bila kuambiwa.

Munyiva alishusha jembe lake. "Amesema. Haya, tufukie mtaro. Upesi."

Ndipo Nthambi aliposhuka mtaroni. Aliruka kama msichana, akasimama katikati pale ambapo gurudumu la lori lingepita, jembe mkononi.

"Atakayefukia aanze na mimi."

"Nthambi."

"Mguu wa Kioko ulikiriwa na nani usiku ulipokuwa unaoza chini ya plasta?"

"Ulisema umesikia."

"Nilisikia. Masikio yangu ni mazima."

"Hii si yako peke yako," Munyiva akasema, na sasa alikuwa na hasira kweli. "Mtaro ni wa kundi. Neno ni la kundi. Toka huko, mwanamke."

"Nifukieni basi. Niko chini, nyinyi mko juu. Si ndivyo jembe linavyofanya kazi?"

Walibishana. Wengine walimsihi kwa mama yake aliyemzaa, wengine walimwambia atawaletea laana watoto wake, mmoja alianza kulia. Wawili walijaribu kusukuma udongo kwa upande, akaurudisha nje kwa jembe lake kwa kasi ambayo wawili hawaiwezi. Laban alikuwa ameanza kuchimba magurudumu kwa mikono, kama mbwa. Kama wangefukia mara ile wangewahi au hawangewahi, watu wamebishania miaka mingi, na hakuna anayejua. Nthambi mwenyewe alisema wangewahi. Alitaka ijulikane hivyo.

Mto ulikuja na sauti kwanza. Kisha ukaja wenyewe kwenye kona, rangi ya chai ya maziwa, na magogo mbele yake. Munyiva aliruka upande wa pili wa mtaro akamvuta Laban kwa ukosi wa shati, akamtupa ukingoni. Lori lilikaa kama halijasikia. Likainama polepole upande mmoja, mchanga wote ukamwagika mtoni ulikotoka, kisha likageuka na neno lake jekundu likaangalia juu mara moja, na maji yakalichukua.

Nthambi alikuwa amepanda tutani ili aone. Aliona mpaka mwisho. Hakufunga macho. Alimtazama Laban akienda kwa miguu kuelekea barabarani, miguu miwili, yote imenyooka, na hilo lilimuudhi jioni nzima.

Nyumbani Kioko alikuwa mlangoni kwenye kigoda. Alikuwa amesikia mto na alikuwa amesikia habari.

"Alinitaja jina?"

"Alitaja. Na la babako."

"Alisema sikuwa na kitu mkononi?"

"Kwa kinywa chake."

Kioko akaomba chakula, na alikula sahani mbili, yeye ambaye tangu Agosti alikuwa anadonoa kama ndege.

Mwethya ulimhukumu Nthambi Jumatano iliyofuata. Kwa kukataa neno la kundi, mbuzi mmoja, na aombe msamaha amesimama. Asipolipa, hachimbiwi wala hachimbi na wenzake. Alisikiliza hukumu yote, akachukua jembe lake, akaenda.

Alichimba peke yake. Hilo ni jambo gumu kumweleza asiyelijua. Tuta ambalo thelathini wangelimaliza kwa asubuhi moja, yeye alilichimba kuanzia Januari hadi mvua ya Machi, hatua mbili kwa siku, bila wimbo, maana wimbo wa mwethya hauna sehemu ya mtu mmoja. Mabega yalimpinda. Mchanga ulirudi mtoni, hakuna lori jingine lililojaribu njia ile, na baada ya misimu mitatu visima vilikuwa tena vya kina cha mkono. Wanawake waliteka, yeye aliteka. Walimsalimu, akaitikia. Wakienda kwa mwingine wanaimba, alisimama mtaroni mpaka wakapita.

Kila mwaka mwezi wa kumi na moja Munyiva alikuja kumwulizia mbuzi. Alikuja mwaka wa elfu mbili wakati wa njaa, alikuja mwaka aliozikwa Kioko, alikuja hata magoti yake yalipoanza kumkataza mlima. Alipewa kigoda, alipewa uji.

"Mama Ndanu, mbuzi uko nao. Nimewaona pale, kumi na wawili."

"Kumi na wanne. Wawili wamezaa jana."

"Mmoja tu, mwaitu, mama yetu. Urudi kundini. Mimi na wewe tumezeeka."

"Mbuzi niko nao, Munyiva. Kosa ndilo sina."

Munyiva alitikisa kichwa, akanywa uji mpaka chini. Nthambi akamwongezea. Walikaa wakaongea habari ya mahindi na ya Ndanu, bintiye Nthambi, aliyeolewa Lukenya, kisha mgeni akaomba fimbo yake, akateremka polepole, na mwenyeji akarudi mtaroni kwa sababu jua lilikuwa bado lipo.